Ufunguo wa Danieli katika Gari la Amosi

Tangu nirudi kutoka Singida, kila ninayekutana naye baada ya ibada ananiuliza habari za lile gari. Mmoja ameambiwa lilirogwa na watu wasioitaka ndoa ya Neema. Mwingine amesikia kwamba niliweka mikono juu ya boneti nalo likanguruma lenyewe. Mzee mwenzangu wa kanisa amefika nyumbani akitaka nimwombee pikipiki ya mwanawe. Nimeona afadhali niandike yote mara moja, kama yalivyokuwa, ili nami nipate kupumzika.

Kwa wasiotufahamu vizuri, Neema ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu Danieli. Danieli alikuwa dereva wa teksi, akafa kwa ugonjwa Neema akiwa darasa la pili, na mtoto akalelewa kwangu hapa Gairo. Sasa ni mwalimu Singida na huko ndiko amepata mwenzake. Ndoa ilipangwa Jumamosi saa nne asubuhi. Mchungaji wa huko alisema mapema kwamba saa sita ana ndoa nyingine, kwa hiyo hatamngoja mtu. Neema naye alinipigia simu akasema, "Babu, mtu wa kuniingiza kanisani ni wewe. Usipofika, siingii." Namjua huyo mtoto. Akisema haingii, haingii.

Kutoka Gairo

Amosi, mtoto wa marehemu mdogo wangu, ni mtumishi wa wizara pale Dodoma. Alikuja kunichukua Alhamisi jioni na gari lake dogo jeupe, mtumba wa Japani, ambalo alikuwa hajalimiliki hata miezi mitatu. Alisimama mlangoni kwangu, akabonyeza rimoti, na gari likaitika kwa kupepesa taa kule chini ya mti. Nilifurahi kama mtoto. Nikaomba nibonyeze na mimi. Nilibonyeza mara nyingi mpaka kuku wa jirani wakahama, na Amosi akaniambia kwa heshima, "Baba mkubwa, tutamaliza betri."

Ijumaa alfajiri nilivaa suti yangu ya ibada, nikamwomba Amosi ufunguo ili niuombee kabla hatujaondoka. Katika ukoo wetu, ndoa ikifungwa na mzazi hayupo duniani, kitu chake huletwa harusini ili isisemwe kwamba hakuwakilishwa. Danieli hakuacha koti wala saa. Aliacha ufunguo wa akiba wa teksi yake, ule wenye kichwa kinene cheusi, ambao Neema alipokuwa mdogo alikuwa akilala nao mkononi. Gari lenyewe liliuzwa zamani, ufunguo ukabaki sandukuni pamoja na Biblia yangu ya zamani.

Nilichukua kipande cha kitambaa cheupe, nikaufunga ufunguo wa Danieli kwenye ule wa Amosi. Niliona ni vizuri mwanangu aende kwenye harusi ya binti yake akiwa dereva, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoipenda.

Tukakaa garini. Amosi aliingiza ufunguo wake kwenye swichi, na ule wa Danieli ukawa unaning'inia. Nilinyoosha mkono, nikaushika huo wa Danieli kiganjani, nikaanza kuomba. Amosi hana subira na sala ndefu. Kabla sijafika Amina alikuwa amekwisha washa.

Njia ilikuwa safi na jua lilitoka nyuma yetu. Niliimba mpaka Pandambili, na Amosi akaitikia sauti ya pili, maana alilelewa kwenye kwaya.

Kibaigwa, kati ya magunia

Tulisimama Kibaigwa tunywe chai. Soko la mahindi lilikuwa limechangamka, malori yamejipanga pande zote mbili za barabara, na tulipoteremka tu dalali mmoja alituzunguka akiuliza tumeleta gunia ngapi. Nilimwambia tumeleta wawili, mimi na huyu. Alicheka, akatuonyesha kwa mama mmoja mwenye chapati nzuri na maharage ya nazi, jambo ambalo sikulitegemea huku bara. Namshukuru hata leo.

Tuliporudi, gari liliwaka, likanguruma kama sekunde mbili, likazima. Amosi akajaribu tena. Likawaka, likazima. Kwenye dashibodi taa ndogo nyekundu yenye picha ya ufunguo ilikuwa inapepesa.

Kila mtu wa Kibaigwa ni fundi. Wa kwanza alisema betri ya rimoti imekwisha. Amosi aliingia madukani, akachukua nusu saa, akarudi na betri mpya kama kifungo cha shati. Milango ilifunguka kwa mlio mkubwa zaidi, lakini injini ilizima vilevile. Wa pili alisema ni betri ya gari, tukapata nyaya kwa dereva wa lori, tukashtua. Likazima. Wa tatu alisema lisukumwe tu. Wakaja wapakiaji sita wa magunia, vijana wenye mabega kama milango, wakalisukuma huku mama mmoja akitupigia kelele tusikanyage mahindi aliyoyaanika kwenye turubai. Tulizunguka turubai lile mara tatu. Gari lilikohoa tu.

Dalali wetu alikuwa amevuta gunia, ameketi anatutazama. "Mzee," akasema, "kwani asubuhi huko kwenu mliliwashaje?"

Nikamwambia kwa sala. Akasema basi tusali, yeye ni Mwislamu lakini ataitikia.

Nilijiona mzembe, mtu wa umri wangu kukumbushwa sala na dalali. Niliingia nikakaa kiti changu cha mbele, nikanyoosha mkono nikaushika ufunguo wa Danieli, nikaomba. Katikati ya sala nikasikia injini inanguruma, na haikuzima. Wapakiaji walipiga makofi. Dereva wa lori alinifuata dirishani akaniomba nikaguse na usukani wake kabla hajaondoka. Nilimwambia mimi si mganga, ni katekista mstaafu. Akasema yote sawa. Nikaenda nikamwombea safari njema, na lori lake likawaka mara moja, ingawa kusema kweli halikuwa na tatizo lolote.

Naandika na hili, kwa sababu baadaye lilinirudia. Tulipoondoka Kibaigwa nilikuwa na furaha kubwa, na sehemu ya furaha ile haikuwa ya shukrani. Nilikuwa nimesikia watu wakisema nyuma yangu, "Yule mzee ana neno." Nami nilipenda kulisikia.

Buigiri, na mlenda wa Yunis

Buigiri tulimpitia mdogo wangu Yunis. Yeye haoni tangu utotoni. Alisoma pale kwenye shule ya watoto wasioona, akaolewa palepale, na hajawahi kutaka kuhama. Tulikuwa tumekubaliana na Amosi kwamba asizime gari hata kidogo. Lakini Yunis alikuwa amepika ugali wa mtama na mboga ya mlenda, akasema hawezi kusafiri na watu wenye njaa. Tukakaa. Gari likawa linanguruma nje bila kazi, hadi Amosi akatoka kuangalia, akakuta taa ya mafuta imewaka. Ikabidi azime.

Nikamsimulia Yunis mambo ya Kibaigwa. Alisikiliza hadi mwisho akitafuna taratibu, kisha akasema, "Kwa hiyo kaka, siku hizi Mungu amekupa na idara ya magari."

Amosi alicheka hadi akapaliwa. Nilijiongezea mlenda. Yunis amenitania hivyo tangu tukiwa watoto.

Alipanda nyuma na kikapu chake na fimbo yake. Amosi akajaribu, likazima. Nikanyoosha mkono, nikashika, nikaomba, likawaka kabla ya Amina. Nikageuka nikamtazama mdogo wangu. Yeye, kana kwamba ameniona, akasema, "Nimesikia. Twende."

Majengo, Dodoma

Tuliingia Dodoma kama saa tisa tukihofia mafuta. Kwenye kituo cha mafuta karibu na Majengo mhudumu alitutaka tuzime injini, kama ilivyo sheria. Baada ya kujaza, mambo yakawa yaleyale, na nyuma yetu bajaji na magari yakaanza kupiga honi. Tukalisukuma kando.

Watu walikusanyika. Amosi, kwa furaha ya ujana, akawaambia wasiwe na wasiwasi, baba yake mkubwa akiomba linawaka, hata Kibaigwa wameshuhudia. Simu zikainuliwa zinipige picha. Nikaona kwamba mbele ya watu wengi namna ile haifai kuombea nikiwa kitini kama mtu aliyejificha. Nilishuka, nikasimama mbele ya boneti, nikainua mikono yote miwili, nikaomba kwa sauti, sala ndefu na nzuri. Nikasema Amina. Watu wakaitikia Amina.

Amosi akawasha. Likazima.

Niliomba tena. Likazima tena. Kijana mmoja mwenye kreti la zabibu kichwani akasema labda mtandao uko chini, na umati ukacheka. Simu zikashushwa, watu wakaenda zao. Nilibaki nimesimama na suti yangu, na nawaambia kweli, sijawahi kuona aibu kama ile tangu nianze kutumika kanisani. Niliona wazi kwamba nimeadhibiwa kwa majivuno ya Kibaigwa. Na adhabu ingemwangukia mtoto ambaye hakukosa lolote, aliye Singida akinyoosha gauni lake.

Fundi mmoja alikuja akasema ni imobilaiza, yaani ule ulinzi wa kuzuia wezi, na dawa yake ni kuvunja kifuniko cha usukani na kukata nyaya. Amosi alikuwa tayari kukubali. Yunis alishusha kioo akamuuliza fundi, "Ukishakata, na lisipowaka, utatubeba mgongoni?" Fundi akasema hapo hawezi kuahidi. Yunis akapandisha kioo.

Mwenye bajaji mmoja alituonea huruma, akatuambia kuna fundi rewaya mwanamke nyuma ya soko la Majengo, anayeshughulika na funguo na umeme wa magari tu. Tulisukuma gari hadi hapo, katikati ya wauza karanga na mashine za kusaga.

Fundi huyo anaitwa Zuhura. Ni mama wa makamo, amevaa ovaroli na hijabu, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alituamkia shikamoo mimi na Yunis, akatupa viti, kisha akafanya jambo ambalo fundi mwingine yeyote hakulifanya siku ile. Hakufungua kitu. Alikaa juu ya tairi akauliza, "Mara ya mwisho gari kuwa zima ilikuwa lini, na toka hapo nani amegusa nini?"

Amosi alieleza habari za betri, kushtua na kusukuma. Zuhura akatikisa kichwa. Alisema betri ya rimoti ni ya kufungulia milango. Kichwani mwa ufunguo kuna chipu ndogo isiyotumia betri kabisa, na swichi ya gari huiuliza jina kila unapowasha. Isipojibu sawasawa, injini inazimwa. Kulisukuma gari la namna hiyo ni kuwachosha watu bure.

"Na zile mara lilipowaka," akauliza, "mlifanya nini?"

Amosi alinitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Aliyejibu ni Yunis.

"Kaka yangu aliomba," akasema. "Buigiri aliomba likawaka. Hapa kituoni ameomba mara mbili, limegoma. Lakini mama, mimi siangalii, nasikiliza. Buigiri sauti yake ilitoka mbele yangu hapa, imeinama, karibu na usukani. Kituoni ilitoka nje, mbali."

Zuhura alisimama. Nilidhani atacheka, lakini alikuwa makini kama daktari. "Baba," akaniambia, "naomba ukae kama ulivyokaa Buigiri, uombe vilevile. Usipunguze kitu."

Nilimwambia kwamba sala si ya kujaribia magari. Akanijibu kwa upole kwamba analijua hilo, na kwamba niombe kweli, kwa sababu hata yeye anahitaji msaada. Nikakaa. Nikanyoosha mkono, nikaushika ufunguo wa mwanangu, nikaomba, na safari hii niliomba nisamehewe. Gari likanguruma.

"Zima," Zuhura akamwambia Amosi. "Sasa baba, endelea kuomba, ila achia hicho ulichoshika."

Nikaachia. Amosi akawasha. Likazima.

"Shika."

Nikashika. Likawaka.

Zuhura akavaa miwani, akainama dirishani. "Hiki ulichoshika ni nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari za Danieli, za teksi, za Neema kulala na ufunguo mkononi, na za kitambaa. Aliupokea ule ufunguo kwa mikono miwili, akakipapasa kichwa chake kinene kwa kidole.

"Na huu una chipu yake," akasema. "Bado nzima. Swichi inapouliza jina, funguo mbili zinajibu kwa pamoja, gari linachanganyikiwa linazima. Ukiushika kiganjani unauvuta mbali, unabaki mmoja. Gari hili halina ugonjwa, baba."

Amosi alikiri kwamba mara zote hakungoja Amina. Yunis akasema angengoja, tungekuwa bado Gairo.

Zuhura hakukikata kile kitambaa. Alifungua fundo langu taratibu kwa ncha ya bisibisi, akaniwekea ufunguo wa Danieli mkononi, akaniambia nikae nao mbali na usukani, mfuko wa shati unatosha. Amosi akawasha bila sala yoyote, na gari likawaka kama linavyotakiwa. Nikamuuliza Zuhura, maana nilitaka kujua, kama anafikiri nilikuwa najidanganya muda wote ule.

"Mzee wangu," akasema, "ulikuwa unaomba ufike. Mimi niko hapa Majengo kila siku na magari mengi hayanifikii. La kwenu limefika."

Mama yule ni wa dini nyingine na jina lake liko katika sala zangu za kila jioni.

Bahi hadi Manyoni

Tulitoka Dodoma jua likielekea kutua, na nilikuwa na furaha niliyokuwa sijaipata tangu asubuhi, furaha nyepesi isiyo na macho ya watu. Bahi tulinunua wali na perege wa kukaanga, tukala garini vidole vikimeremeta mafuta. Amosi alizima na kuwasha gari mara nne bila sababu, kwa raha tu, mpaka Yunis akamwambia analitesa.

Tulilala Manyoni kwa muumini mmoja aliyetupa vitanda na asali ya msitu.

Manyoni hadi Singida

Asubuhi Yunis alikataa kuondoka bila asali ya kumpelekea bibi harusi, na muuza asali alikuwa bado hajaamka. Tulingoja mlangoni kwake. Sikukasirika. Kisha mbele ya Ikungi kundi la ng'ombe lilijaa barabarani, na mchungaji wao hakuwa na haraka hata kidogo. Neema alipiga simu saa tatu na dakika ishirini. Hakusema mengi. "Babu, mchungaji ameshavaa." Nikamwambia tunaiona milima ya mawe. Ilikuwa kweli, tuliiona, ila kwa mbali sana.

Njia nzima ufunguo wa Danieli ulikuwa mfukoni mwa shati, upande wa moyo, na kila tulipogonga shimo uligusa mbavu zangu.

Tulifika saa nne kasoro dakika tano. Mchungaji alikuwa mlangoni, saa mkononi, kwaya imekwisha simama. Neema alikuwa pembeni peke yake, chini ya ukuta wa kanisa, gauni limekusanywa mikononi lisiguse vumbi. Hakuwa amelia, lakini alikuwa amejiandaa kulia. Amosi alisimamisha gari karibu kabisa na ngazi nami nikashuka kabla halijatulia.

"Babu," akasema, "mlikuwa wapi toka jana?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, ya swichi na chipu na Kibaigwa. Yote yalinitoka. Nilitoa ufunguo mfukoni, na kitambaa chake cheupe, nikamwekea kiganjani. Aliutambua kabla hajautazama. Vidole vyake viliufumbata vilevile kama alipokuwa mtoto.

"Nilikuja na baba yako," nikamwambia. "Kila gari lilipouliza dereva ni nani, naye alikuwa anajibu."

Alinitazama, akacheka, machozi yakaja pamoja na kicheko. Alijifunga kitambaa kile kwenye kifundo cha mkono, ufunguo ukakaa kiganjani, kisha akaniwekea kiganja hicho ndani ya changu. Mchungaji akaangalia saa yake, akatuashiria. Kinanda kikaanza, na tukaingia watatu.